Kunawa Mikono

Mzazi akisema, "Kwa mtoto huyu nimenawa mikono," ana maana amejitoa, lawama isimpate. Waingereza nao husema hivyo hivyo. Wengi hudhani chanzo ni Pilato (Mathayo 27:24). Kumbe kunawa huko ni kwa zamani zaidi. Someni Kumbukumbu la Torati 21:1–9. Maiti ikionekana kondeni na muuaji hajulikani, mji ulio karibu hupimwa. Wazee wake huvunja shingo ya mtamba bondeni, ndipo hunawa, wakikana kumwaga damu ile. Wao walinawa kwa kujitokeza. Pilato alinawa, akamtoa mtu asulibiwe.

Mwaka 2017, viongozi wa vijiji na askari polisi walipouawa hapa Kibiti, wengi tulisema, "Mimi nimenawa." Nami nilisema. Sikujiuliza, kunawa kupi?