Mwaka wa Kwanza wa Filamu na Televisheni: Anayojifunza Mwanafunzi na Anayopaswa Kujua Mzazi

Kijana akisema nyumbani kwamba anataka kusomea utayarishaji wa filamu na televisheni, swali la kwanza huwa ni la kamera. Itagharimu pesa ngapi? Nani atainunua? Familia nyingine hufikia hata kuwaza kuuza ng'ombe kabla mtoto hajaingia darasani siku moja.

Mzazi asiwe na haraka. Masomo ya mwaka wa kwanza hayategemei kamera ya bei ghali. Yanategemea mambo matano: kufanya kazi na wenzake, kuandika kabla ya kurekodi, kuelewa mwanga, kusikiliza sauti, na kuomba ruhusa. Makala haya yanaeleza kila jambo kwa mfano wa zoezi moja ambalo kijana wa Pwani anaweza kulifanya kwa simu ya kawaida.

Kazi ya watu wengi

Filamu haitengenezwi na mtu mmoja mwenye kamera. Mtayarishaji hutafuta fedha, ruhusa, usafiri na chakula cha kikosi. Mwandishi huandika muswada. Mwongozaji huamua hadithi isimuliwe vipi na huwaelekeza waigizaji. Mpiga picha hushughulikia kamera na mwanga. Fundi wa sauti hurekodi maneno na milio. Mhariri huunganisha vipande hadi hadithi ikamilike.

Katika mwaka wa kwanza mwanafunzi huzungushwa katika kazi hizi zote. Anayejiona mwongozaji hujikuta siku moja ameshika waya wa maikrofoni juani, na hapo ndipo anapoelewa kwa nini fundi wa sauti huomba kimya. Filamu ya Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, inasimulia kijiji kinachoshirikiana kutengeneza filamu kwa ajili ya msichana mgonjwa. Ni mfano mzuri wa kumtazamisha anayeanza, kwa sababu kazi yenyewe ndivyo ilivyo: kila mtu ana sehemu yake, na mmoja akilegea wote hukwama.

Kuandika kwanza

Kabla ya kurekodi, mwanafunzi huandika wazo lake kwa sentensi moja. Asipoweza kulieleza kwa sentensi moja, wazo halijaiva. Kisha huandika muswada. Kwa kawaida ukurasa mmoja wa muswada ulioandikwa kwa mpangilio wa kitaalamu huchukua takriban dakika moja kwenye skrini. Kwa hiyo mwenye kurasa 30 ajue ana filamu ya karibu nusu saa, na anayetaka filamu ya dakika tatu asiandike kurasa 12.

Baada ya muswada huja orodha ya picha. Hii ni karatasi inayoonyesha kila kipande kitakachorekodiwa, mahali, saa, na anayehitajika. Karatasi hiyo haigharimu chochote, lakini huokoa nauli, betri na ugomvi.

Zoezi: nazi kutoka mnazini hadi chunguni

Chukulia mwanafunzi wa kutoka Rabai au Kaloleni anayepewa zoezi la filamu ya dakika tatu kuhusu kazi anayoijua. Anachagua nazi: mkwezi anapanda mnazi, anaangua, nazi inafuliwa kwenye kifuo, inakunwa kwa mbuzi, na tui linaingia chunguni.

Kwa kila hatua, walimu wengi hufundisha kurekodi picha tano. Ya kwanza ni ya karibu, inayoonyesha mikono inavyofanya kazi. Ya pili ni ya uso wa anayefanya. Ya tatu ni ya mbali, inayoonyesha mtu na mahali alipo. Ya nne hupigwa kutoka nyuma ya bega lake, ili mtazamaji aone anachokiona yeye. Ya tano ni ya pembe isiyo ya kawaida, kwa mfano kutoka chini ya mnazi, ambapo vidato vinaonekana vikipanda hadi kwenye makuti. Kila picha ishikiliwe sekunde kumi bila kutikisika. Anayehamisha simu huku na huku kila sekunde mbili hatapata kipande cha kutumia.

Hapa ndipo pana jambo zito. Mama anayekuna nazi anaweza kuombwa arudie bila madhara. Mkwezi hawezi kuombwa hivyo. Kupanda mnazi ni kazi ya hatari, na kumrudisha mtu juu kwa sababu mwanafunzi alisahau kubonyeza kitufe cha kurekodi ni kuchezea maisha yake. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza kutenganisha matukio yanayorudiwa na yasiyorudiwa. Yasiyorudiwa hupangwa mapema. Watu wawili wanarekodi kutoka sehemu mbili tofauti, betri zimejaa, nafasi ya kuhifadhi imekaguliwa, na kamera zinawashwa kabla mkwezi hajakanyaga kidato cha kwanza. Hakuna anayesimama chini ya mnazi nazi zinapoangushwa, hata kama picha ya hapo ingependeza. Ile ya kutoka chini hupigwa kabla ya kuangua kuanza.

Kanuni hiyo hutumika pia kwa harusi, mazishi, na mzee anayesimulia historia ya ukoo. Mambo haya hayana marudio.

Mwanga na nambari tatu za kamera

Katika maeneo yaliyo karibu na ikweta, jua la saa sita huwa juu ya kichwa. Macho ya mtu huingia kivulini na paji la uso hung'aa. Mwanga mzuri zaidi hupatikana asubuhi hadi karibu saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi. Ikilazimu kurekodi mchana, mtu awekwe kwenye kivuli kilichotulia, kama barazani, badala ya chini ya makuti ambako madoa ya jua hucheza usoni. Shuka jeupe likishikwa upande mmoja hurudisha mwanga usoni bila gharama.

Kamera ina mambo matatu yanayoamua mwangaza wa picha. La kwanza ni tundu la lenzi: likipanuka, mwanga mwingi huingia na mandhari ya nyuma hufifia. La pili ni shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga. La tatu ni ISO, kiwango cha kukuza mwanga uliopokelewa. Ikipandishwa sana picha hujaa chembechembe.

Televisheni nchini Kenya hutumia fremu 25 kwa sekunde, na shata huwekwa mara nyingi kwenye 1/50. Nambari hiyo ina faida nyingine. Umeme wa Kenya una mzunguko wa 50 kwa sekunde, hivyo shata ya 1/50 husaidia kuzuia taa zisionekane zikipepesa ndani ya picha.

Sauti haisamehewi

Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini asiposikia maneno huondoka. Ufukweni adui mkubwa ni upepo. Maikrofoni ya simu hufanya kazi vizuri ikiwa karibu na mdomo, si hatua kumi mbali. Njia rahisi ni kutumia simu ya pili kama kinasa sauti: inawekwa kwenye mfuko wa shati wa anayezungumza, huku ya kwanza ikirekodi picha. Mwanzoni mtu hupiga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri, mlio wa kofi na picha ya viganja vikikutana hulinganishwa, na sauti hukaa mahali pake. Kibao kinachopigwa kwenye filamu kubwa hufanya kazi hiyo hiyo.

Kabla ya kuondoka, mwanafunzi hurekodi nusu dakika ya mahali hapo bila mtu kuzungumza. Sauti hiyo ya ndege, upepo au jiko huziba mapengo wakati wa kuhariri.

Kuhifadhi na kuhariri

Video hula nafasi. Ikirekodiwa kwa kiwango cha megabiti 50 kwa sekunde, dakika moja huchukua takriban megabaiti 375, na saa moja takriban gigabaiti 22.5. Kadi ya gigabaiti 64 haifiki saa tatu. Mwanafunzi hufundishwa kuwa na nakala mbili mahali pawili tofauti kabla ya kufuta chochote kwenye kadi. Nakala moja ikiibwa au kulowa mvua, kazi haijapotea.

Katika kuhariri, kanuni ya kwanza ni kuendeleza hadithi. Picha iliyompendeza mpiga picha lakini haiongezi kitu huondolewa. Kanuni ya pili ni kutomchanganya mtazamaji. Watu wawili wanapozungumza, mstari wa kufikirika huwekwa kati yao, na kamera hubaki upande mmoja wa mstari huo. Ikivuka, watu huonekana kama wamebadilishana nafasi au wanatazama upande mmoja.

Studio ya televisheni

Studio hufuata mpangilio tofauti. Kamera kadhaa hurekodi kwa wakati mmoja, na mwongozaji aliye kwenye chumba cha udhibiti huchagua picha ya kwenda hewani papo hapo. Msimamizi wa ukumbi huvaa vipokea sauti masikioni na kuwaonyesha watangazaji kwa ishara za mikono muda uliobaki. Matangazo ya moja kwa moja hayasubiri: taarifa ya dakika moja na nusu ikizidi, nyingine itakatwa. Hivyo nidhamu ya saa hufundishwa mapema, na anayechelewa darasani huelezwa kwamba hewani hakuna kuchelewa.

Ruhusa na heshima

Sehemu hii ndiyo inayowaingiza wengi matatani.

Mtu anayerekodiwa aelezwe filamu ni ya nini na itaonyeshwa wapi, kisha akubali, ikiwezekana kwa maandishi. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi. Kwa mtoto, ruhusa hutolewa na mzazi au mlezi.

Misitu mitakatifu ya Kaya za Mijikenda iliingizwa kwenye orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Hata mwenyeji haingii na kamera bila kuzungumza na wazee wa kaya. Wazee wakisema sehemu fulani isirekodiwe, hairekodiwi. Katika magofu ya Gede au Fort Jesus, ruhusa huombwa kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Filamu ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa huhitaji leseni ya kurekodi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na kabla ya kuonyeshwa huainishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini. Droni husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na kuirusha bila idhini ni kosa. Wimbo wa msanii hautumiwi bila idhini ya mwenye haki, hata kama unapatikana bure mtandaoni.

Kabla ya kulipa ada

Mafunzo ya fani hii si mageni nchini. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, KIMC, ilianzishwa mwaka 1961. Leo kozi hutolewa katika ngazi ya cheti, stashahada na shahada. Mzazi ahakikishe kwamba chuo kimeidhinishwa: vyuo vikuu na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na vyuo vya kiufundi na mamlaka ya TVETA. Nafasi za serikali huombwa kupitia KUCCPS, na mikopo kupitia HELB. Kuhusu basari ya kaunti, maelezo yaulizwe katika ofisi ya msimamizi wa wadi.

Ni vyema kuuliza chuo maswali matatu: kina kamera na kompyuta ngapi kwa kila darasa, wanafunzi huruhusiwa kuzitumia saa ngapi kwa wiki, na wapi hufanyia mafunzo ya kazini. Chuo chenye vifaa humwondolea mzazi haja ya kununua kamera mwaka wa kwanza. Pesa zikipatikana, zianze na maikrofoni, stendi ya miguu mitatu na diski ya kuhifadhi. Simu iliyotulia yenye sauti safi hutoa filamu bora kuliko kamera ghali inayotikisika.

Maswali ya kujipima

1. Ni matukio gani katika kijiji chako hayawezi kurudiwa mbele ya kamera? Utajiandaa vipi?
2. Kwa nini mchana wa saa sita si wakati mzuri wa kurekodi uso wa mtu?
3. Una kadi ya gigabaiti 32, na kila dakika huchukua megabaiti 375. Je, itatosha kurekodi mkutano wa saa mbili?
4. Nani hutoa ruhusa ya kumrekodi mtoto wa miaka tisa? Na nani huombwa kabla ya kuingia kayani?

Jibu la swali la tatu: haitatosha. Saa mbili huhitaji takriban gigabaiti 45. Anayegundua hilo nyumbani ataazima kadi ya pili. Anayeligundua mkutanoni atakosa maamuzi yaliyofikiwa mwishoni.