Malisho ya Nyuki Kitui na Makueni: Mwongozo wa Kupanda kwa Kufuata Majira

Miradi ya ufugaji nyuki katika kaunti za Kitui na Makueni huanza na mizinga. Hununuliwa, hupakwa rangi, hukabidhiwa vikundi mbele ya wageni, kisha hutundikwa. Mwaka ukipita, mingine huwa bado mitupu. Lawama humwendea fundi aliyeitengeneza, au mwanakikundi aliyekuwa na zamu ya ukaguzi, ilhali mara nyingi chanzo ni kwamba nyuki hawakuwa na cha kula. Mzinga wa KTBH (Kenya Top Bar Hive), uliobuniwa nchini Kenya mapema miaka ya 1970 kwa ushirikiano na Kanada, humrahisishia mfugaji ukaguzi na uvunaji. Hali kadhalika mzinga wa Langstroth. Lakini hakuna mzinga unaotoa mbochi, yaani nekta, wala chavua. Hivyo hutoka kwenye maua, na maua yana msimu wake.

Mwongozo huu unawalenga maafisa ugani wa wadi, viongozi wa vikundi, wasimamizi wa bustani za shule na zahanati, na wakulima wanaotaka mashamba yao yawe na faida kwa nyuki na kwa wadudu wengine wachavushaji.

Hesabu ya kwanza ni ya eneo. Nyuki wa asali hutafuta chakula hasa ndani ya kilomita 2 hadi 3 kutoka mzingani, ingawa akilazimika huenda mbali zaidi. Duara ambalo nusu kipenyo chake ni kilomita 3 lina takriban ekari 7,000. Bustani ya robo ekari iliyopandwa kwa uangalifu mkubwa bado ni sehemu ndogo mno ya eneo hilo, na anayeahidi wanakikundi kwamba vitalu vya maua peke yake vitajaza mizinga asali anawadanganya. Asali ya Ukambani hutoka nyikani. Kazi ya bustani ni nyingine, nayo ina thamani yake: kulisaidia kundi la nyuki lisihame katika miezi ya uhaba, na kuwaweka wachavushaji karibu na mazao yanayowahitaji.

Kwa hiyo uchaguzi wa mimea uanze na kalenda. Uzuri wa ua uje baadaye. Ukambani hupata mvua ndefu kati ya Machi na Mei, na mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Hizi za pili ndizo za kutegemewa zaidi. Baada ya kila msimu, nyika na mashamba huchanua, na ni vigumu kwa ua la bustani kushindana na wingi huo. Pengo refu huanza Juni na kuendelea hadi karibu na vuli. Kuna pengo jingine fupi kabla ya mvua za Machi. Nyuki wa nyanda hizi hawavumilii njaa: malisho na maji yakikosekana, kundi zima huondoka pamoja na malkia wake na kuacha masega matupu, ambayo nondo huyamaliza. Mmea unaochanua Agosti una manufaa makubwa zaidi kwa mfugaji kuliko mimea kadhaa inayochanua Desemba.

Miti iliyopo ndiyo ya kulindwa kwanza. Migunga ya aina mbalimbali, ambayo Wakamba huitofautisha kwa majina kama mwaa, musemei na muthiia, ndiyo ghala la nyuki wa eneo hili. Muthiia huweza kuchanua ukingoni mwa kiangazi, kabla mvua haijanyesha, na kulifikia kundi likiwa limeishiwa. Muuku nao hutembelewa sana na nyuki. Ni miti hiyo hiyo inayotafutwa na wachoma makaa. Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa Januari 2018, na ubishi kuhusu riziki za waliotegemea biashara hiyo ulikuwa mkali. Katika ufugaji nyuki, hoja iko wazi: mgunga uliokomaa ukikatwa, mche uliopandwa leo hautaziba nafasi yake kwa miaka mingi. Kikundi chenye mizinga kikiwa pia na wanachama wanaochoma makaa, suala hilo lijadiliwe kikaoni na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu.

Kanuni za Misitu ya Mashambani za mwaka 2009 zinamtaka mwenye ardhi ya kilimo kuwa na miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi yake. Wengi hutimiza sharti hilo kwa mikaratusi, au hawalitimizi kabisa. Katika maeneo makavu, mukau unafaa zaidi: hukua kwa haraka, mbao zake zina soko, na maua yake hulisha nyuki. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imefanya kazi ya muda mrefu kuhusu mti huu katika kituo chake cha Kitui, na ni busara kupata mbegu au miche iliyoboreshwa kupitia kwao. Anayejaribu kuotesha mwenyewe afahamu kwamba kokwa ya mukau ni ngumu mno. Hupasuliwa kwa uangalifu, mbegu ikatolewa, kisha ganda la mbegu hukatwa kidogo kabla ya kusiwa. Wanaozika kokwa nzima kitaluni husubiri sana na kupata miche michache.

Mbaazi ni zao la chakula ambalo mpango wa malisho hauna budi kulitambua. Aina za muda mrefu zinazopandwa pamoja na mahindi Oktoba au Novemba huchanua baada ya mvua ndefu, wakati mahindi yameshavunwa na shamba linaonekana kama limemaliza kazi. Mbaazi hujichavusha kwa kiasi kikubwa, lakini maua yake ya manjano huvuta nyuki wa asali na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Mkulima anayeng'oa mbaazi zote ili kupanda aina za muda mfupi pekee anapunguza malisho ya miezi migumu. Angalau mistari michache ya aina za zamani ibaki mpakani. Kunde, alizeti, malenge na matikiti maji huongeza chakula msimuni, na mawili ya mwisho hayatoi matunda ya maana bila mdudu wa kuhamisha chavua kutoka ua la kiume hadi ua la kike. Mahindi hutoa chavua tu, nekta hayana.

Bustani ya nyumbani, ya shule au ya zahanati ipangwe pale maji yaliyotumika yanapofika. Mrihani ni mmea wa kwanza kuzingatiwa. Ukipandwa kandokando ya mfereji wa maji ya kuogea, hukaa katika maua kwa muda mrefu, na asubuhi jua linapoanza kupata nguvu huonekana nyuki wakipanda shina hadi shina, kila mmoja akisukuma kichwa ndani ya kiua cheupe kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele. Dania na sukuma wiki visivyong'olewa vyote, bali vichache vikaachwa vitoe maua, hufanya kazi hiyo hiyo bila gharama. Mzunze huchanua mara nyingi kwa mwaka iwapo una unyevu. Mshubiri wa kienyeji, kiluma kwa Kikamba, hustahimili kiangazi na hutoa maua wakati mimea laini imekauka. Miongoni mwa miti ya mapambo, ule wenye maua mekundu yaliyo kama brashi ya kusafishia chupa huvuta nyuki sana. Bogenvilia inayopamba malango ya ofisi nyingi hupendeza macho, ila nyuki huipita. Waridi zilizozalishwa kuwa na petali nyingi nazo hufunika chavua yake.

Katika kila safari, nyuki wa asali hushikamana na aina moja ya ua. Kwa sababu hiyo mimea ya aina moja ipandwe pamoja, katika kitalu cha mita moja ya mraba au zaidi, badala ya kutawanywa mmoja mmoja. Vitalu vilivyochimbwa chini ya usawa wa ardhi na mashimo ya zai huhifadhi maji ya mvua. Wanaoishi karibu na mabwawa ya mchanga, ambayo ni mengi katika mito ya msimu ya kaunti hizi mbili, wana kingo zenye unyevu hata Septemba, na hapo ndipo penye faida kubwa kupanda.

Maji ya kunywa yasisahaulike. Karai pana lenye mawe yanayojitokeza juu ya maji, likijazwa kila siku bila kukosa, huzuia nyuki kuvamia bomba la shule au kisima cha jirani. Likikauka kwa siku chache, nyuki hutafuta chanzo kingine na si rahisi kuwarudisha. Mizinga yenyewe iwekwe mbali na nyumba, madarasa, mifugo iliyofungwa na njia za watu. Hofu kwamba maua karibu na nyumba yataleta mashambulizi hueleweka, lakini nyuki aliye kwenye ua yuko kazini na hudunga tu akikanyagwa au kubanwa. Ukali wake huonekana anapolinda mzinga.

Nyuki wa asali si mchavushaji pekee. Ua la nyanya na la biringanya huachia chavua vizuri likitikiswa kwa mtetemo wa misuli ya kurukia, jambo ambalo nyuki wa asali hawezi kulifanya na ambalo baadhi ya nyuki wa porini hulifanya kwa ustadi. Pasheni huhitaji wale weusi wakubwa. Nyuki hao wa porini hawana mzinga: wengine hutoboa mbao zilizokauka, wengine huchimba ardhi tupu. Bustani inayofagiliwa hadi kila kona huwanyima makazi. Gogo moja kavu na kipande cha ardhi kisicholimwa vinatosha.

Suala linalozua migogoro mingi ni dawa, na katika Makueni suala hilo hukutana na mwembe. Maembe ya msimu mkuu huvunwa kati ya Desemba na Machi, kwa hiyo mwembe huchanua katika kiangazi cha katikati ya mwaka, wakati malisho mengine ni haba. Shada moja la maua yake lina mamia ya vijiua, vingi vikiwa vya kiume, na hubaki na matunda machache. Wanaovitembelea ni nyuki wa asali, nyuki wadogo wasiodunga, nyigu, na nzi wa aina nyingi. Nzi hufanya sehemu kubwa ya kazi, jambo ambalo wafugaji nyuki hawapendi kulisikia. Wakati huo huo ndipo mkulima hunyunyiza dawa dhidi ya wadudu na ubwiri unga.

Dawa ya kuua wadudu isinyunyizwe juu ya maua yaliyofunguka. Inyunyizwe kabla hayajachanua, na pale isipoepukika, jioni nyuki wakisharudi, pasipo upepo. Itumike dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu pekee, kwa kipimo kilichoandikwa. Lebo isomwe kutafuta majina imidacloprid, clothianidin na thiamethoxam: mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya dawa hizo tatu nje ya vitalu vya kioo kwa sababu ya madhara kwa nyuki. Nzi wa matunda Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, hudhibitiwa vyema kwa mitego, chambo, na kuzika matunda yaliyoanguka, njia ambazo hazigusi maua.

Mwenye shamba anawajibika kumjulisha jirani mwenye mizinga kabla ya siku ya kunyunyiza, na mfugaji anawajibika kumfahamisha jirani mahali mizinga ilipo. Bila taarifa ya pande zote mbili, madai ya fidia hukwama kwa mzee wa mtaa. Kibarua anayekodiwa kunyunyiza ana haki ya kupewa na mwajiri vifaa vya kujikinga chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Ujira wa juu kidogo haufuti haki hiyo.

Mimea vamizi isiletwe kwa kisingizio cha malisho. Mathenge hutoa nekta nyingi, na wapo wanaoisifu kwa hilo, lakini ilitangazwa kuwa magugu hatari nchini mwaka 2008 baada ya kuharibu malisho ya mifugo na vyanzo vya maji katika maeneo kame. Euforbia kubwa zenye umbo la kinara hazihitaji kung'olewa, ila asali inayotokana nazo huwasha kinywa na koo. Panapokuwa na nyingi karibu na mizinga, asali ya msimu wa maua yake iachiwe nyuki au ionjwe kabla ya kuchanganywa na nyingine.

Mavuno ya mwisho kabla ya kiangazi yafanywe kwa kiasi. Masega yenye majana yasiguswe, na asali ya kutosha ibaki. Ikamuliwe ile iliyofunikwa kwa nta, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokaushwa na nyuki hadi kiwango kinachokubalika sokoni, yaani maji yasiyozidi asilimia 20.

Kila kikundi kiwe na daftari la maua. Safu zake ni jina la mmea kwa Kikamba, tarehe ya ua la kwanza, tarehe ya mwisho, kama nyuki walionekana, na hali ya mizinga wiki hiyo. Baada ya misimu minne, daftari hilo huonyesha pengo la eneo husika kwa usahihi ambao mwongozo wa jumla hauwezi kuutoa, na uamuzi wa nini kipandwe hufanywa kwa kulisoma. Litunzwe na kikundi, nakala ibaki katika ofisi ya wadi. Afisa akihamishwa, anayempokea aikute hapo.