Namna Bakteria Wanavyopeana Usugu Dhidi ya Dawa

Wananchi wengi wanaohudhuria zahanati na vituo vya afya wanalifahamu neno usugu, na kwa kawaida hulieleza hivi: mwili wa mgonjwa umeizoea dawa. Maelezo hayo yamekaa vinywani mwa watu kwa muda mrefu, lakini si sahihi. Mwili wa binadamu hauzoei antibiotiki. Wanaobadilika ni bakteria wenyewe, na ndiyo maana mtoto mchanga ambaye hajawahi kunywa hata kijiko kimoja cha amoksilini anaweza kuugua kwa vimelea ambavyo dawa hiyo haivifanyi lolote. Usugu haukuanzia mwilini mwake. Uliingia pamoja na vimelea vyenyewe.

Bakteria ni kiumbe cha seli moja ambaye huzaliana kwa kujigawa. Wale wa utumbo waitwao E. koli, wakipata chakula na joto la kuwafaa, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Katika kuzaliana kwa kasi namna hiyo hutokea makosa madogo katika kunakili vinasaba, na mara chache kosa mojawapo humpa bakteria kinga dhidi ya dawa fulani. Dawa ikiingia, wenzake hufa naye hubaki, kisha uzao wake wote hurithi kinga hiyo. Kama urithi wa mzazi kwa mtoto ungekuwa njia pekee, usugu ungeenea kwa mwendo wa polepole. Iko njia nyingine, ambayo kwayo bakteria humpa usugu jirani yake asiye wa ukoo wake kabisa.

Jambo hili lilibainika nchini Japani kutokana na ugonjwa wa kuhara damu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wa huko waliwatibu wagonjwa kwa dawa za salfa, na katika miaka michache vimelea vya shigela vikawa sugu kwa dawa hizo. Zikaletwa streptomaisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli. Mwaka 1955 mwanamke mmoja wa Kijapani alirejea kutoka Hong Kong akiwa na kuhara damu kusikokoma. Shigela waliopatikana kwake walikuwa sugu kwa dawa zote nne. Hapo palikuwa na fumbo. Kosa la kunakili vinasaba linalomkinga bakteria dhidi ya dawa moja hutokea kwa nadra sana. Makosa manne ya aina hiyo kumpata bakteria mmoja kwa wakati mmoja ni jambo ambalo halitarajiwi. Zaidi ya hayo, wagonjwa waliokuwa na shigela sugu walikutwa na E. koli walio sugu kwa dawa zile zile, ingawa E. koli na shigela walihesabiwa kuwa bakteria wa aina mbili tofauti. Mwaka 1959 watafiti Ochiai na Akiba walionyesha kilichokuwa kikitokea: walipowakuza pamoja E. koli sugu na shigela wasio na usugu, shigela waliupokea.

Kinachopita kati yao ni plasmidi, yaani kipande kidogo cha vinasaba ambacho kwa kawaida kina umbo la pete na hukaa kando ya kromosomu ya bakteria. Mwenye plasmidi hutoa uzi mwembamba kama mrija, akamnasa jirani na kumvuta karibu, kisha nakala ya plasmidi ikapita upande wa pili. Mtoaji habaki mikono mitupu. Ni kama jirani aliyekuja na kijinga kuomba moto: anaondoka na moto wake, na mafiga ya mwenyeji yanaendelea kuwaka. Baada ya hapo nyumba zote mbili zinaweza kuwagawia wengine.

Hatari ya plasmidi imo katika mzigo inaoubeba. Plasmidi moja inaweza kuwa na jeni za usugu wa dawa tatu, nne au zaidi, zikiwa zimefungwa pamoja kama kuni za mzigo mmoja. Kwa hiyo mtu anayetumia tetrasaiklini anaweza kuulinda na kuustawisha usugu wa dawa nyingine ambazo hajawahi kuzigusa, kwa kuwa bakteria wanaosalimika ni wale wenye mzigo mzima.

Zipo njia nyingine mbili. Mwaka 1928 Frederick Griffith, akiwa London, aliwadunga panya bakteria hai wa nimonia wasio na madhara pamoja na wale hatari waliokwisha kuuawa kwa joto. Panya walikufa, maana walio hai walikuwa wameokota sifa za wafu. Hata leo bakteria wa nimonia huokota vinasaba vya bakteria wengine wa kinywani na kooni, na kwa njia hiyo walijipatia usugu dhidi ya penisilini. Njia ya tatu ni ya virusi wanaoshambulia bakteria: kirusi hubeba kwa bahati mbaya kipande cha vinasaba cha bakteria mmoja na kukiingiza kwa mwingine. Norton Zinder na Joshua Lederberg waliieleza mwaka 1952.

Mifugo nayo imo katika mzunguko huu. Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza kuwa wamepata katika nguruwe, katika nyama iliyouzwa na kwa baadhi ya wagonjwa, plasmidi yenye jeni ya usugu dhidi ya kolistini, dawa ambayo hospitalini huwekwa akiba kwa wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine. Wakulima walikuwa wakiichanganya katika chakula cha nguruwe ili wanenepe haraka. Serikali ya China ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 2017, lakini jeni hiyo ilikwisha kuonekana katika nchi nyingi.

Katika vijiji, hali inayofanana na hiyo huanzia bandani. Kuku wakipatwa na kideri, wafugaji wengi hukimbilia unga wa antibiotiki unaochanganywa katika maji ya kunywa. Kideri husababishwa na kirusi, hivyo dawa hiyo haiwaponyi; inachofanya ni kuwaua bakteria dhaifu wa matumboni na kuwaachia nafasi walio sugu, ambao hutoka na kinyesi hadi uani, kisimani na mikononi mwa watoto. Kinachozuia kideri ni chanjo ya matone ya jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi 3, na afisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa.

Ushauri wa kumaliza dozi, ingawa ndio unaorudiwa kuliko mwingine wote, hauligusi jambo zima. Mtu mwenye mafua anayenunua dozi kamili ya antibiotiki na kuimaliza bila kuruka siku hata moja amefanya kosa lile lile la mfuga kuku, kwa sababu mafua nayo ni ya virusi. Vilevile choo chenye mfuniko na maji ya kunawa kwa sabuni ni sehemu ya vita hii sawa na dawa zilizo kwenye kabati la zahanati, kwa kuwa bakteria wenye plasmidi husafiri kutoka tumbo moja hadi jingine kwa njia ile ile ya kipindupindu.

Pale mgonjwa anaposhukiwa kuwa na vimelea sugu, mganga humwandikia rufaa kwenda hospitali yenye maabara ya kuotesha vimelea. Majibu huchukua siku 2 hadi 3, kwa kuwa bakteria lazima wakue kwanza ndipo wajaribiwe dawa moja baada ya nyingine. Kwa mwenye maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi huyaita yutiai, mkojo hutolewa kabla ya kuanza dawa yoyote. Dozi moja iliyonunuliwa njiani inaweza kuzuia vimelea kuota, na kipimo kikaonyesha kuwa hakuna kitu. Mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa hana sababu ya kuficha. Aje na pakiti yake, hata kama ni tupu, kwa maana jina lililoandikwa juu yake humwonyesha mganga ni dawa ipi imekwisha kujaribiwa.