Chakula cha Saa Saba: Saladi ya Mayai na Omena kwa Siku ya Kazi



Somo letu safari hii ni la jikoni, lakini ni la mfuko wa kikundi pia. Tutajifunza kutengeneza saladi ya mayai na omena. Ni chakula cha mchana kinachojenga mwili, hakimalizi kuni, na kinaweza kubebwa mpaka shambani. Msiogope neno saladi. Ni kachumbari yetu ile ile, ila imeongezewa chakula cha kujenga mwili. Mahali ambapo omena hawapatikani, mtatumia samaki wa mkebe, yaani jodari, ambaye kwenye mkebe huandikwa tuna.

KWA NINI SOMO HILI

Tunapotembelea vikundi siku ya kazi, tunaona jambo moja karibu kila mahali. Watu wanafika shambani au kwenye kitalu cha miche saa mbili asubuhi. Saa nne kuna chai na mandazi. Saa saba, mweka hazina akiwa na pesa, kuna soda na mkate. Akikosa, watu wanavumilia mpaka jioni. Na asubuhi ile ile, mayai ya wanakikundi yamepelekwa sokoni. Yaani tunauza yai, halafu kwa pesa ya yai tunanunua soda! Soda ni maji na sukari. Haijengi mwili hata kidogo.

Tukiuliza, tunajibiwa: "Yai ni pesa, na pesa hailiwi." Ni kweli, yai ni pesa. Limenunua daftari nyingi na dawa nyingi katika vijiji vyetu. Hatusemi msiuze mayai. Tunasema msiuze yote.

MWILI UNATAKA NINI

Mnakumbuka mafungu matatu ya chakula: cha kutia nguvu, cha kulinda mwili na cha kujenga mwili. Ugali, viazi na mandazi vinatia nguvu. Mboga na matunda yanalinda. Mayai, samaki, nyama, maziwa, maharagwe na ndengu vinajenga, kwa sababu vina protini nyingi. Protini ndiyo inayojenga nyama ya mwili na damu, inayoponya vidonda na kumkuza mtoto.

Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji protini kama gramu 48 kwa siku. Mama mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji zaidi. Sasa tuhesabu. Yai moja lina kama gramu 6. Omena waliokauka vizuri, nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, kwa hiyo gramu 25 za omena, ambazo ni kama konzi moja, zinatoa kama gramu 12. Yai moja na konzi moja ya omena ni gramu 18. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya mahitaji ya siku nzima. Ukila pamoja na ugali au githeri, unafikia nusu na kupita.

Tena omena huliwa mzima, kichwa na mifupa. Mifupa hiyo midogo ina madini ya kalsiamu yanayoimarisha mifupa na meno. Nyama ya ng'ombe haikupi hayo.

NANI ANAKULA YAI NYUMBANI?

Swali hili ni gumu lakini lazima tuliulize. Zamani, katika sehemu nyingi za nchi yetu, wanawake walikatazwa kula mayai na kuku. Watoto nao walinyimwa mayai, ikisemwa kwamba watachelewa kuongea. Mengi ya makatazo hayo yameisha, lakini mazoea yamebaki. Yai moja likipikwa nyumbani, linawekwa kwenye sahani ya baba au ya mgeni. Mama anabaki na mchuzi.

Yai halimzuii mtoto kuongea. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama peke yake. Akishafikisha miezi 6, anaweza kupewa yai lililoiva kabisa na kupondwa vizuri. Omena waliosafishwa, wakakaushwa na kusagwa kuwa unga laini, wanaweza kutiwa kwenye uji wake kijiko kimoja kimoja. Kama mtoto au mtu mzima anawashwa, anavimba midomo au anashindwa kupumua akila mayai au samaki, asipewe tena, na apelekwe kituo cha afya.

MAHITAJI (WATU 10)

Mayai 10
Omena waliokauka, robo kilo (au mikebe 3 ya jodari, ya gramu 170 kila mmoja)
Kabichi ndogo, nusu
Karoti 3
Nyanya 6
Vitunguu 3
Dhania, fungu moja
Ndimu au malimau 3
Mafuta ya kupikia, vijiko vikubwa 4
Chumvi kiasi

Mkitumia jodari wa mkebe, kila mtu atapata kama gramu 14 za protini pamoja na yai lake. Si haba, ila mikebe 3 huwa na bei kuliko robo kilo ya omena.

KUCHAGUA SOKONI

Omena wazuri wanang'aa kama fedha, wamekauka, na hawana ukungu wala harufu ya kuoza. Shika konzi moja na uangalie mchanga. Walioanikwa juu ya wavu huwa safi kuliko walioanikwa chini. Mkebe wa samaki ukiwa umevimba, una kutu au umebonyea kwenye mshono, uacheni dukani hata mkipunguziwa bei.

Mayai yapimeni kwa maji. Tia yai katika bakuli la maji. Likizama na kulala, ni jipya. Likisimama wima chini, limekaa siku kadhaa, lichemsheni mapema. Likielea, litupeni. Lenye ufa msilitumie.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Osheni mikono kwa sabuni, na vyombo vyote.

2. Chambueni omena, mtoe mawe na takataka. Waosheni kwa maji ya moto mara tatu au zaidi, mpaka maji yatoke bila mchanga. Wachujeni wakauke.

3. Kaangeni omena kwa vijiko viwili vya mafuta, moto wa wastani, mkigeuza geuza mpaka wawe wakavu na walie kama njugu mkitafuna. Waacheni wapoe.

4. Chemsheni mayai. Maji yakishachemka, hesabuni dakika 10 hadi 12, ili kiini kishikane kabisa. Yatieni katika maji baridi safi. Msiyamenye bado.

5. Osheni mboga kwa maji safi yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Kateni kabichi nyembamba sana, mparuze karoti, mkate nyanya, vitunguu na dhania. Kama hamna hakika na maji yenu, mwagieni kabichi maji yanayochemka, iache dakika mbili, halafu ichujeni.

6. Wakati wa kula ukifika, menyeni mayai na kuyakata vipande vinne vinne. Changanyeni mboga, chumvi, maji ya ndimu na mafuta yaliyobaki. Omena na mayai vitiwe mwisho, ili omena wasilainike.

7. Andaeni pamoja na viazi vitamu, ugali au chapati.

Vitabu vingine vya mapishi vinasema mtie mayonesi. Hatuishauri kwa chakula cha shambani. Ile ya kutengeneza nyumbani ina mayai mabichi, na ya dukani ni gharama. Ndimu na mafuta vinatosha. Tena ndimu inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika mboga. Chai ya majani hufanya kinyume, kwa hiyo inyweni saa nzima kabla au baada ya chakula.

JIHADHARINI NA JOTO

Chakula hiki kinafaa kikilindwa. Kikikaa juani kinakuwa sumu ya tumbo, na kikundi kizima kinaweza kuharisha siku moja. Fuateni haya:

Bebeni kila kitu peke yake: mayai katika maganda yake, omena katika mkebe mkavu wenye kifuniko, mboga katika sufuria iliyofunikwa. Changanyeni mahali pa kula.

Kikishachanganywa, kiliwe palepale. Kisizidi saa 2. Sehemu za joto kali, kama Pwani au Turkana, kisizidi saa 1. Kilichobaki msikipeleke nyumbani kwa watoto.

Samaki wa mkebe afunguliwe wakati wa kula, amalizwe siku hiyo. Jodari akikaa kwenye joto hujitengenezea sumu ambayo hata kupika hakuiondoi. Kwa hiyo mkebe uliofunguliwa jana msiuchemshe mkidhani mmeuponya.

HESABU YA KIKUNDI

Mweka hazina achukue karatasi na kuigawa mara mbili. Upande mmoja aandike pesa zinazotumika kwa soda na mkate siku moja ya kazi. Upande wa pili aandike bei ya omena robo kilo, mboga, ndimu na mafuta, kwa bei ya soko lenu. Mayai yaletwe na wanachama, kila mmoja yai lake. Someni hesabu zote mbili mbele ya kikundi, muamue wenyewe.

Nyumbani tunapendekeza hivi: katika kila mayai 10, uza 7, matatu yabaki. Na hayo matatu yasingoje mgeni. Yaanze kwa watoto, mama mjamzito na mgonjwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Wiki iliyopita, mayai mangapi yalitagwa kwenu? Mangapi yaliliwa, na nani aliyala?

2. Siku ya kazi, nani katika kikundi chetu hukaa na njaa mpaka jioni? Kwa nini hasemi?

3. Tukikosa omena na samaki wa mkebe, ni maharagwe, ndengu au njugu gani za hapa kwetu zinaweza kuchukua nafasi yao?

KAZI YA KUFANYA

Chagueni siku moja ya kazi mwezi huu. Wateueni watu wawili wa kupika, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Baada ya kula, pigeni kura: tuendelee au tusiendelee? Katibu aandike jibu katika kitabu cha mikutano, pamoja na gharama, ili mkutano ujao mjadili mkiwa na hesabu mkononi.