Daktari Aliyepanda Punda Milia

Wanachama wenzangu, sisi wa Komarock tukisikia neno daktari tunamfikiria mtu wa koti jeupe, ameketi nyuma ya meza. Huyu ninayetaka tumjue alikuwa akizunguka Nairobi juu ya punda milia! Si porojo, picha yake ipo hadi leo.

Jina lake Rosendo Ayres Ribeiro, Mgoa, na Goa wakati huo ilitawaliwa na Wareno. Alifika hapa mwaka 1900, mwaka mmoja tu baada ya reli. Mji ulikuwa mahema, mabati na matope, na yeye mwenyewe alianza kutibu watu hemani. Hakuwa daktari wa serikali. Alikuwa wa kuitwa nyumbani kwa mgonjwa, naye anakuja.

Jambo zito lilitokea 1902. Aliwapima wagonjwa wawili akatambua kwamba ni tauni. Sasa fikirini. Tauni huenezwa na viroboto wa panya. Mgonjwa hupata homa kali na mitoki hufura kinenani au kwapani. Leo kuna dawa, lakini streptomaisini ilipatikana 1943. Ribeiro alikuwa na macho, mikono na mdomo wake tu. Angeweza kunyamaza, maana watu wa soko la Wahindi walikuwa miongoni mwa wagonjwa wake. Hakunyamaza, alipeleka habari kwa wakubwa. Wakubwa wakaamuru soko lichomwe moto, likachomwa.

Mwingine atasema daktari aliwaponza watu wake. Mimi sikubali. Kusema ugonjwa upo ndiyo kazi ya daktari. Kuchoma maduka ilikuwa amri ya wakoloni, tena panya hasubiri moto, hutoroka na viroboto wake.

Hapa mtaani mtoto akiharisha tunakimbilia duka la dawa, tunauziwa vidonge viwili, basi. Muuzaji hajui kama jirani wa juu naye anaharisha. Daktari anayezijua familia ndiye angegundua kwamba watatu wameugua wiki moja, na wote wanachota maji bomba moja.

Baadaye Ribeiro alitoa fedha za kujengea watoto wa Kigoa shule, kule Parklands, ikaitwa kwa jina lake. Alifariki 1951. Siku hizi watoto wa kila kabila husoma pale, na sijui wangapi wamesikia habari za yule punda milia.