SOMO LA 14: SIMU INAPOKATAA NAMBA YA SIRI

Tuseme unauza maandazi sokoni Maganzo. Asubuhi wateja wamekulipa kwa simu. Mchana unataka kutoa fedha ili ununue unga. Unabonyeza namba ya siri. Simu inajibu kuwa namba si sahihi. Unabonyeza tena, inakataa tena. Moyo unaanza kwenda mbio.

Usibonyeze mara ya tatu. Tulia kwanza, tusome pamoja.

Kwa nini simu inakataa?

Simu haikujui kwa sura. Inajua namba tu. Namba za tarakimu nne huanzia 0000 na kuishia 9999. Jumla ni namba 10,000. Mwizi akiruhusiwa kujaribu namba moja kila dakika, usiku na mchana, atazimaliza zote kabla ya siku saba. Ndiyo maana kila kosa linahesabiwa. Makosa yakizidi, mlango unafungwa. Kufuli hilo limewekwa kwa ajili ya mwizi, lakini humfungia nje hata mwenye mali akibahatisha.

Chunguza kwanza

1. Hesabu nyota. Baadhi ya simu huonyesha nyota badala ya tarakimu. Kama namba yako ina tarakimu nne na unaona nyota tano, kitufe kimoja kimeingia mara mbili. Futa, uanze tena polepole.

2. Soma vizuri namba inayotakiwa. Namba ya siri ya laini huulizwa simu inapowashwa. Namba ya siri ya fedha huulizwa unapotoa au kutuma fedha. Usizichanganye.

3. Kumbuka kama ulibadili namba siku za karibuni.

Ikiwa imekwisha kufungwa

Laini hufungwa ukikosea mara tatu. Hapo simu hutaka namba ya PUK, yenye tarakimu 8. Mara nyingi namba hiyo imechapwa kwenye kadi iliyobeba laini siku uliyoinunua. Kwa hiyo usiitupe kadi hiyo. Ukikosea PUK mara kumi, laini inakufa. Itabidi uombe laini nyingine yenye namba yako ileile.

Ikiwa ni huduma ya fedha iliyofungwa, usiogope. Fedha zako bado zipo. Piga simu namba 100, au nenda duka la kampuni ya simu yako. Chukua kitambulisho chako cha Taifa au namba yake. Tangu mwaka 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole. Kidole chako ndicho ushahidi kuwa laini ni yako. Kama ilisajiliwa kwa jina la mwanao, ni yeye atakayetakiwa kufika. Basi, sajili laini kwa jina lako mwenyewe.

Usimtajie mtu

Kijana atakuambia, "Mama, nitajie namba nikusaidie." Mkatalie kwa upole. Mtu mwingine atapiga simu, aseme anatoka kwenye kampuni, kisha aulize namba ya siri. Huyo ni tapeli. Mtumishi wa kweli haulizi namba hiyo.

Usiandike namba mgongoni mwa simu. Usitumie 1234 wala mwaka uliozaliwa.

Ndugu msomaji, kabla hujajua kusoma, ulimpa mtu simu akubonyezee. Ulimkabidhi ufunguo wa nyumba yako, ukabaki kumwamini tu. Leo unasoma mwenyewe, unahesabu mwenyewe. Ufunguo huo uushike wewe.

MASWALI

1. Kwa nini simu huhesabu makosa?
2. Namba ya PUK ina tarakimu ngapi? Mara nyingi hupatikana wapi?
3. Laini yako imesajiliwa kwa jina la nani?
4. Mtu akikupigia simu na kuuliza namba yako ya siri, utamjibu nini? Andika sentensi mbili.