Twika na tua: somo la mzigo mwepesi

Watalii walipokuwa wakiruhusiwa kupanda Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 karibu na Goma, kwa kawaida mpandaji alilala usiku mmoja kileleni. Baridi ni kali, hivyo mzigo ulikuwa lazima. Kazi zake zina jozi za vitenzi: hujitwika mzigo, kisha huutua; huanika koti lililolowa, kisha huanua; hufunika sufuria, kisha hufunua. Kiambishi -ik- huweka kitu mahali, -u- hukiondoa.

Lakini tusichanganye. Katika "mzigo unabebeka", -ek- ni kiambishi kingine: chaonyesha kwamba tendo lawezekana. Kipimo ni hiki: "bebeka" hutoka katika "beba", "twika" haitoki katika kitenzi kifupi zaidi, bali ina mwenzake "tua".

Tunapofunga mfuko, wengi wetu tunakumbuka kutwika na kusahau kutua. Tandaza vitu vyote chini, inua kimoja kimoja, ujiulize kitafanya kazi gani huko juu. Kisicho na kazi, kiache. Usichokitua nyumbani, mwishowe atatwikwa mpagazi.